Nilimpeleka Mtani Wangu Akahukumiwe na Waya

Ndugu zangu, kosa ni langu. Sitafuti wa kugawana naye. Jina nalificha kwa sababu bado nina haya, lakini kosa lenyewe silifichi, maana yule niliyemkosea amenitoza faini, na faini yenyewe ndiyo hii: niliseme mbele za watu, kwa herufi za kusomeka.

Tuanze na ujinga, ndipo tufike kwenye dhambi.

Mimi, mtu mzima mwenye ndevu na cheti, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba waya wa umeme mkubwa unalipiza kisasi!

Usicheke kwanza. Subiri.

Miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, nilipata kazi kwenye kikosi cha kutunza laini kubwa, ile inayobeba umeme wa maporomoko ya mto Pangani, ikatoka Korogwe na kukatiza mapori ya Handeni kwenda Dar es Salaam. Kazi yetu ilikuwa kutembea chini yake kila siku. Tulifyeka vichaka, tukakata miti inayojitia kimbelembele kurefuka, tukaangalia vikombe vya kaure vinavyoshikilia waya, kama vimepasuka huko juu, tukahesabu vyuma vya minara vilivyong'olewa na watu wakaenda kufulia majembe. Nilitembea mpaka nyayo zangu zikawa ngumu kuliko viatu. Viatu viliisha, nyayo zikabaki!

Mpishi wetu wa kambi tulimwita Babu Sufuria. Ugali wake ulikuwa mbichi katikati, lakini hadithi zake ziliiva. Siku moja akanionyesha waya kwa mwiko.

"Huo unajua," akasema.

"Unajua nini, babu?"

"Unajua nani kamdhulumu nani. Mwenye dhuluma akipita chini yake, unashuka. Kidogo kidogo. Leo shubiri, kesho dhiraa. Siku yake ikitimia unamlamba. Mimi nimemwona karani wa shamba la mkonge akilambwa kwa macho yangu haya. Vilibaki viatu tu, tena vimefungwa kamba."

Lahaula! Nikameza yote, pamoja na ule ugali mbichi.

Na wewe ungemeza, kwa sababu ushahidi ulikuwepo. Asubuhi nikipita mimi, umande bado uko majanini, waya uko juu, umekazwa kama uzi wa zeze. Mchana akija msimamizi wetu kukagua, jua linakaanga mawe, waya umeshuka! Umelegea katikati ya mnara na mnara, tumbo linaning'inia kama la ng'ombe mwenye mimba. Kwangu mimi uko juu. Kwake yeye uko chini. Nikasema moyoni: bwana huyu ana dhambi, tena si ndogo.

Msimamizi huyo nitamwita Maganga. Neno nyapara lilikuwa limeshapigwa marufuku na tukaambiwa tuseme "Ndugu Msimamizi", ila midomo yetu ilikuwa haijapata habari. Yeye ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge, akazaa huku, akafia huku. Mimi ni Mzigua wa Misima. Na wewe unajua Mzigua na Mnyamwezi ni nini: ni watani. Watani wa tangu babu wa babu zetu! Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

Nikupe mfano ujue alikuwa mtu gani. Baba yangu alipofariki, Maganga alikuja Misima bila kuitwa, akashika jembe, akachimba kaburi. Lilipofika kimo chake akalala humo ndani, chali, akafumba macho.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Sitoki mpaka nipewe kuku! Tena jogoo. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, tutatosha wawili!"

Mama yangu alikuwa ndani na wanawake, amelia mpaka sauti imekauka. Aliposikia hayo, akacheka. Jamani, mjane siku ya maziko akacheka! Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mpeni jogoo mtani wangu, asije akamsumbua mume wangu huko." Tangu siku hiyo Maganga hakupita Misima bila kuingia kwa mama. Mama alimwita "mtani wangu wa reli", naye alimwita mama "mke wangu wa kuachiwa". Wakicheka hao, kuku walikimbia uwanjani.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwangamiza. Sasa sikia kwa nini. Ni aibu kusema.

Nilikuwa nimesoma shule ya jioni pale Korogwe. Mchana nafyeka, jioni nasoma kwa mwanga wa karabai pamoja na wazee wanaosinzia. Nilisoma mpaka wadudu wa taa wakanijua kwa jina! Nikapata cheti. Cheti kile nilikilaza chini ya godoro kisipate mkunjo, na nilikuwa nalala kwa adabu, sigeuki.

Siku Ndugu Injinia alipokuja kambini kutafuta mtu wa kuwa msaidizi wa msimamizi, nikakileta kwa mikono miwili. Maganga akakipokea yeye kwanza. Akakitazama. Akakinusa. Akakunja uso.

"Mama yangu! Ndugu Injinia, rudi nyuma! Cheti hiki kinanuka mafuta ya taa. Ukikisogeza kwenye hiyo sigara yako tunakufa sote!"

Kikosi kizima kikaanguka chini. Babu Sufuria alishika tumbo akasahau mboga, ikaungua. Injinia mwenyewe alicheka mpaka miwani ikamtoka, akakirudisha cheti bila kukisoma. "Haya," akasema, huku akijifuta machozi, "tutaona siku nyingine."

Siku nyingine! Hiyo siku nyingine iko wapi kwenye kalenda?

Kuanzia pale jina langu likawa Msomi wa Karabai. "Karabai, lete panga!" "Karabai, hebu tusomee huo mti, umeandikwa nini?" Hata watoto wa Segera waliniamkia hivyo: "Shikamoo Karabai!"

Kwa mila ningemrudishia palepale. Ningesema, "Na wewe mtumwa wangu, baba yako aliletwa huku kwenye behewa moja na mbuzi, na mwenye tiketi alikuwa mbuzi!" Jibu zuri, siyo? Nililipata baadaye, nikiwa chooni, halina faida tena.

Nilicheka kwa meno. Moyoni nikaanza kunoa.

Ndugu yangu, nilimchukia mtu yule! Nilichukia mwendo wake, nilichukia kofia yake ya chuma, nilichukia namna anavyopuliza uji. Kikohozi chake kikisikika upande wa pili wa kambi, jasho linanitoka. Akinisifu kazi nasema ananicheka. Akininyamazia nasema anatunga jipya. Nilikuwa nikifyeka, kila kichaka ni shingo yake. Kazi yangu siku hizo ilikuwa safi sana!

Kilichoniudhi zaidi ni amri yake moja. Alikuwa na pembe tatu ya mbao, anasimama mbali na mti, anafumba jicho, anakadiria nafasi iliyopo kati ya kilele cha mti na waya. Kuukaribia hakuruhusu, maana umeme mkubwa hausubiri uguswe, unaruka wenyewe. Sasa kipimo hicho alitaka kifanywe mchana tu, jua likiwa utosini. "Pimeni mchana," kila siku. "Cha asubuhi sikitaki." Sisi tunayeyuka kama samli! Mara moja nilitaka kumuuliza, kwa nini mchana? Neno likafika mdomoni, nikalimeza. Mimi nimuulize yeye? Anicheke tena? Afadhali nisijue!

Basi ndipo shetani akakaa na mimi, akavuta kigoda.

Kulikuwa na msufi mmoja bondeni, nje kidogo ya kijiji kipya cha ujamaa. Mvua zilizopita zilikuwa zimeunenepesha. Maganga akaupima mchana, akatikisa kichwa.

"Huu unatutafuta," akasema. "Jua la wiki hii si la kuchezea. Karabai, kesho asubuhi na mapema, kabla ya joto, uangushe wote. Shinani. Mimi nitakuja kuukagua."

"Sawa, Ndugu Msimamizi."

Kesho yake nikaenda na shoka langu. Nikatazama juu. Kati ya msufi na waya nafasi ilikuwa kubwa. Angepita tembo amembeba tembo mwenzake! Na hapo nikakumbuka habari alizokuwa akitusimulia babu yangu. Zamani kwetu, watu wakishtakiana na ushahidi hakuna, walipelekwa kwenye kiapo. Shoka lilitiwa motoni mpaka likawa jekundu. Mwenye haki alilishika asiungue. Mwenye dhuluma, ngozi ilibaki pale.

Nikasema, naam. Huu ndio mti wake wa kiapo. Nitauacha. Kama Maganga ana haki, waya utakaa juu kama unavyokaa kwangu, na hapatakuwa na neno. Kama ana dhuluma, waya utamshukia, ukutane na msufi, na dunia nzima ione.

Umeona ujanja huo? Niliiita haki! Nilifyeka vichaka vya kando, nikakata matawi ya chini ili mtu aone majani mabichi yametapakaa, kilele nikakiacha. Nikarudi kambini napiga mluzi.

"Tayari?" Maganga akauliza.

"Tayari."

Mchana ule jua lilishuka likakaa begani mwa kila mtu. Mijusi walivuka njia wakikimbia kwa miguu miwili. Maganga akatangulia na pembe tatu yake, mimi nyuma na wenzangu. Tulipoinuka kilimani nikautazama waya.

Umeshuka! Wallahi, umeshuka kuliko siku zote! Na kadiri Maganga anavyousogelea, ndivyo ninavyouona unateremka kumlaki. Mwili ulinisisimka kwa furaha. Nasema kwa furaha, sitaki kudanganya. Nikanong'ona: mlambe!

Maganga akauona msufi umesimama. Akageuka, uso umebadilika. "Rudini!" akapiga kelele. "Rudini nyuma wote!"

Upepo ukapuliza kidogo tu, upepo wa kupepea uji wa mtoto.

Mwanga mweupe. Halafu mlio ambao sijausikia tena, kama mbingu imepasuliwa kwa shoka. Kilele cha msufi kikawaka. Laini ikajizima. Sufi zikaanza kudondoka zikiwa na moto, pamba za moto zinaelea polepole, nzuri kwa macho, zikatua kwenye majani makavu.

Moto ulikimbia, ndugu yangu. Ulikimbia kuliko sisi. Ulielekea kijijini.

Maganga alikuwa wa kwanza kuukabili. Alivunja tawi bichi akapiga, tawi likaisha, akapiga kwa shati, shati likaisha, akapiga kwa mkono. Mkono wake wa kulia ulibabuka mpaka kiwiko. Wanakijiji wakaja na majembe na ndoo. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini ghala la mahindi la kijiji liliungua lote. Watu wale walikuwa wamehamishwa na kuacha mashamba yao ya zamani, na walichokuwa nacho chote kilikuwa mle ndani. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilikaa bondeni. Mpaka leo muuza mahindi akipita naenda upande mwingine.

Basi hapo, kama ningekuwa na moyo wa mtu, ningesema. Sikusema. Hapa ndipo dhambi ilipo, siyo pale kwenye msufi.

Injinia alikuja, akakaa kwenye benchi kambini, sisi tumesimama. Maganga mkono umefungwa vitambaa.

"Nani alikabidhiwa mti ule?"

"Mimi, Ndugu Injinia."

"Kwa nini haukukatwa?"

Nilikuwa nimeuandaa uongo huo kama bibi harusi. Nikautoa nje umepambwa: "Ndugu Msimamizi aliniambia niuache. Alisema wanakijiji wamemwomba, wanataka sufi za magodoro."

Babu Sufuria akatazama miguu yake.

Maganga akanigeukia. Nilimngojea atukane, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu, safari hii majibu ninayo! Hakutukana. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Mtani," akasema taratibu, "kumbe ulikasirika?"

Nikageukia upande wa Injinia.

"Si kweli hayo, Ndugu Injinia," akasema. "Nilimwambia aukate shinani."

"Lakini dhamana ya njia hii ni ya nani?" Injinia akauliza.

"Ni yangu."

"Na ulipoambiwa tayari, ulikwenda kuhakikisha kabla ya joto?"

"Sikwenda. Nilimwamini."

Yakaisha. Akaachishwa kazi. Siku ya kuondoka alibeba kisanduku chake kwa mkono wa kushoto, akasimama mbele yangu. "Ungeniambia tu kwamba umekasirika," akasema. "Ningelipa kuku."

Sitakudanganya: kisasi kilikuwa kitamu! Kitamu kama asali ya mapori yetu ya Handeni, unalamba mpaka vidole. Nilifanywa msimamizi mimi. Ile kofia ya chuma nikaivaa, ikanishuka mpaka masikioni, nikasema hivyohivyo. Nikatoa cheti chini ya godoro nikakitundika ukutani. Nani ataniita Karabai sasa? Hakuthubutu mtu. Nilitembea kambini kifua mbele kama jogoo aliyeambiwa kuwa jua linachomoza kwa ajili yake.

Kisha Injinia akaniambia, "Ratiba ya ukaguzi ni ileile. Mchana."

Nikaenda. Mchana. Nikasimama chini ya laini na ile pembe tatu, nikainua macho.

Waya ulikuwa umeshuka.

Masalale! Umenishukia mimi! Mimi niliyekuwa napita umekazwa kama uzi wa zeze! Pembe tatu ikaniponyoka. Nikarudi nyuma, nikaenda kwenye mnara mwingine. Umeshuka. Mwingine. Umeshuka. Mapori yote ya Handeni, waya umeinama unanitazama.

Nikakimbilia jikoni. Babu Sufuria akanisikiliza, akaacha kukoroga.

"Umemfanya nani nini?" akauliza.

Nikageuka kuondoka. Yeye alijua. Akarudi kwenye sufuria yake.

Kuanzia siku ile sikuthubutu kupita chini ya laini jua likiwa juu. Nikakagua asubuhi tu, alfajiri kabisa, waya ukiwa mbinguni. Kila mti nikaandika: salama. Usishangae kilichofuata. Kiangazi kilipokolea, mti mwingine ukakutana na waya, laini ikazimika, Dar nzima ikakaa bila taa kwa sababu ya woga wangu. Injinia aliponiuliza nimepima saa ngapi, nikababaika. Nikafukuzwa. Kofia nikairudisha.

Nikaenda kukata mkonge upande wa Korogwe. Fikiria! Kazi aliyoifanya baba yake Maganga, ile niliyotaka kumchekea. Miiba ikanisomesha upya.

Na kwetu Misima ni ng'ambo ya laini. Barabara inapita chini yake. Kwa miaka mingi nikawa mtu wa kwenda kwa mama alfajiri au magharibi, kama popo. Lori likifika pale mchana, nashuka, nakaa kichakani nangojea waya unisamehe na kupanda juu. Nikawaambia watu nina ugonjwa wa jua.

Hebu nifike penyewe, kabla mkono haujakataa kuandika.

Binamu yangu alinifuata kwenye mkonge asubuhi. "Mama yako amezidiwa," akasema. "Anakuita. Twende sasa hivi."

Tukapata lori. Jua lilikuwa limeshapanda. Tulipokaribia ile laini nikauona kwa mbali umelegea, tumbo nje, unangojea. Nikagonga kibanda cha dereva.

"Unafanya nini?" binamu akauliza.

"Nashuka. Nitakuja."

"Una wazimu? Mama yako anakufa!"

"Nitakuja jioni."

"Jioni!" Aliniita majina ambayo siyaandiki. Lori likaondoka naye, likapita chini ya waya, hakulambwa mtu. Hata hilo halikunifungua macho. Nikasema wao hawana dhuluma.

Nikakaa chini ya kichaka cha miiba nikiutazama waya. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Nilimwomba Mungu, nikauomba na waya. Jua lilipolegea, nikaona waya unajikaza kidogo kidogo, unapanda. Nikashukuru! Nikasema nimesamehewa, na nikakimbia njia nzima.

Nilikuta watu wamerudi kutoka makaburini, wanaosha mikono.

Mama alikata roho baada ya adhuhuri. Alizikwa kabla jua halijazama. Binamu alisema alikuwa akigeuza macho mlangoni, kila kivuli kikipita anauliza, "Ni yeye?"

Asubuhi nikaenda kaburini. Udongo bado ulikuwa na alama za jembe. Pembeni alikuwa amekaa mtu mwenye mkono uliobabuka, anakula mguu wa jogoo. Maganga! Alikuwa fundi baiskeli pale Handeni mjini miaka yote ile, na hakuacha kwenda kwa mama. Mama hakuniambia hata siku moja. Aliniachia nimuulize, nami sikumuuliza. Maganga ndiye aliyechimba, kwa mkono ule. Niliambiwa alilala na humu kaburini, akadai jogoo wake, watu wakacheka huku wanalia.

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, msufi, uongo, kofia. Yeye akaendelea kutafuna.

"Hayo ninayo tangu zamani," akasema. "Faini yake utaandika, kwa kuwa una cheti. Nataka nijue la jana. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia la waya. Nikamwambia la karani na viatu, na kichaka cha miiba, na jinsi nilivyongojea.

Aliacha kutafuna.

Enyi mnaosoma, kabla sijawapa jibu lake: mtani akikuchoma, mrudishie kwa mdomo. Ukishindwa, mwambie umekasirika, ule kuku wako, yaishe. Usimpeleke mtu kwenye kiapo ulichokitengeneza mwenyewe. Na kama kuna jambo hulielewi, uliza! Muulize hata adui yako. Kucheka atakucheka, lakini utajua. Mimi sikuuliza, na mama yangu alikufa akitazama mlango.

Nilidhani Maganga atacheka. Ningempa haki yake acheke mpaka kuku wakimbie. Lakini aliweka mfupa chini, akajipangusa mkono kwenye majani, akasema kwa upole kama anavyoongea mtu na mgonjwa:

"Waya haumjui mtu, Mzigua. Jua likiupiga unapata joto, ukipata joto unarefuka, ukirefuka unalegea. Jioni unapoa, unajikaza tena. Ndiyo maana niliwaambia mpime mchana, wakati uko chini kabisa. Jana haukuwa umekusamehe. Ulikuwa umepoa tu."